Kitambaa cha Saba

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wifi yangu, pamoja na watoto ambao shangazi yao anawajua kwa picha tu. Yule mdogo ameshaota meno ya mbele? Kwenye picha ya mwisho alikuwa amefumba mdomo kama mtu anayeficha peremende. Sisi huku hatujambo, ingawa siku hizi uzima wetu ni wa kujikongoja. Baba anakula, analala na analalamika, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mguu wa kushoto bado mzito na mikono inatetemeka akishika kikombe, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Juzi alimwambia daktari wa zahanati kwamba mlango wake unalia kwa kukosa grisi, na kwamba mtu asiyesikia mlango wake atasikiaje mapafu ya wenzake.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi, nikiwa na jambo zito, hufurahi kukatizwa. Kwenye karatasi hakuna wa kuniokoa. Pia kuna kitu kisichopita kwenye simu. Ndani ya bahasha utakuta mfuko mdogo wa nailoni niliofunga kwa uzi. Nakuomba usiufungue kwanza. Uweke pembeni usome hadi mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Nimechoka, kaka. Sisemi hivyo ili unionee huruma, nakupa habari tu kama ninavyokupa habari za mvua. Kila siku namwogesha baba, nampa dawa, namkalisha kwenye kile kiti chake kilichong'olewa kwenye basi bovu, halafu najaza madumu mawili ya maji kwa ajili ya rejeta ndipo naingia barabarani. Kazi yangu bado ni ileile, kuwabebea maseremala milango na madirisha. Kila mlima nilikuwa nasimama, nafungua boneti, nangoja, namimina maji. Wateja walishaanza kunitania kwamba gari langu linaoga mara nyingi kuliko mwenyewe. Nilikuwa nacheka nao. Kwa miaka saba niliyoendesha pikapu ile, sikumbuki siku niliyofika nilikokwenda nikiwa na mikono mikavu.

Wiki tano zilizopita ikafa. Nilikuwa napanda mlima wa kiwanda cha mbao nikiwa na milango tisa nyuma. Kwanza ulitoka moshi mweupe, kisha chini kukaanza kugonga, kama mtu aliyefungiwa ndani anagonga atolewe, kisha kimya. Nikakaa ndani bila kushuka. Nitakuambia ukweli, dakika zile za kwanza nilipumzika. Sikuwa na haraka ya kwenda popote na hakuna aliyeweza kunilaumu. Lori la seremala mmoja likanivuta kwa kamba hadi nyumbani, na baba alipoiona inaingia uwanjani ikivutwa, alivua kofia akaishika magotini mpaka tulipofungua kamba.

Unajua baba na gari lile. Yeye tangu zamani aliliita Bi Mkubwa, na mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema basi yeye ni Bi Mdogo, japo aliolewa miaka minne kabla gari halijanunuliwa. Rangi ya samawati imebaki kwenye milango tu, taa zake za duara moja inatazama barabara na nyingine inatazama miti, na mlango wa abiria unafungwa kwa waya. Hata hivyo watu bado hunisimamisha wakitaka kulinunua, kwa sababu magari ya namna ile hayatengenezwi tena na bodi yake haina kutu. Ugonjwa wake ulikuwa injini tu, na hasa silinda ya nne, ile ya nyuma kabisa, ambayo kwa miaka yote ilichemka kuliko wenzake na hakuna fundi aliyejua sababu.

Nikamwita Fundi Kimya, yule uliyejifunza naye kazi hapa uwanjani kwenye gereji ya baba, mkawa mnashindana kufungua tairi. Amenenepa kidogo, ila jina bado ni lake. Kwa siku husema maneno kumi hivi, na siku ile aliyatumia yote kunieleza kwamba nina njia mbili. Ya kwanza ni kuisuka upya injini hiihii: kuishusha, kuifungua yote, kupeleka bloku, ule mwili wa chuma wenye silinda, ikachongwe, kutia pistoni na ringi mpya, kunyoosha hedi inayoifunika juu, na kutafuta vipuri katika maduka ya wazee ambao wengine wameshafunga maduka yao. Huo ni mwezi mzima na zaidi. Ya pili ni kupandisha injini nyingine, ya mtumba lakini changa, kutoka gari la miaka ya karibuni. Hapo atahamisha viti vya injini, atakata shafti aifupishe, atasuka nyaya upya, na kwa wiki moja niko barabarani. Ile ya zamani itachukuliwa na wanunua vyuma, ikayeyushwe.

Ndipo nikakuandikia ile barua ya kwanza, nikasema nataka kubadilisha. Nilikupa sababu nyingi. Nikasema wateja hawatanisubiri mwezi mzima, injini changa itanywa mafuta kidogo, na baba hapaswi kukaa uwanjani akitazama vipande vya Bi Mkubwa vikiwa vimetandazwa chini. Zote zilikuwa kweli. Baba nilipomuuliza alijibu shingo upande kwamba anayeendesha ndiye achague. Alasiri ileile akasema, bila kuulizwa, kwamba injini ya mtumba chini ya boneti ile itakuwa sawa na kusikia mwanamume mwingine akikohoa chumbani kwake. Nikajifanya sikusikia.

Kisha likaja jibu lako. Uliniita Karani wangu, kama ulivyoniita tangu utoto, na ukasema nisiibadilishe. Uliandika kwamba gharama zote nikuachie wewe. Ukaandika kwamba injini ile uliiharibu wewe na ni haki yako kuitengeneza kabla baba hajafumba macho. Halafu ukaandika maneno ambayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo: kwamba zamani ulibisha, lakini sasa umekuwa mtu mzima na huenda baba alisema kweli, huenda siku ile hukuutazama mshale wa joto, ulikuwa kijana na akili yako ilikuwa kwingine. Kwamba umeshakubali.

Barua hiyo niliisomea ndani ya pikapu, mlango nimeufunga kwa waya. Nikakutumia ujumbe kwenye simu kwamba nashukuru sana, lakini muuza injini hasubiri na nimeshamwambia aniletee. Ulinijibu kwa neno moja, sawa. Kaka, ulikuwa uongo. Muuza injini ana injini kumi na moja zimepangwa barazani, na nyingine zina buibui ndani.

Sasa nikurudishe nyuma. Haya unayajua, lakini acha niyapange kwa mpangilio wangu, maana nina sababu.

Unakumbuka vitambaa. Baba hakuwahi kufungua injini bila kuziba kila tundu kwa kitambaa, ili mchanga au nati isidondokee ndani. Mama ndiye aliyevikata kutoka nguo zetu zilizotubana na vitu vya nyumbani vilivyochakaa, saba kwa hesabu. Kulikuwa na kipande cha pazia, viwili vya gauni langu la kijani, kimoja cha kanzu ya babu, viwili vya foronya, na kimoja cha shati lako la mistari ya bluu, lile la tetroni ambalo mama alisema halitachakaa hata likizikwa. Na sheria ya baba ilikuwa moja. Anayeziba si anayehesabu. Yeye aliziba, na mtu mwingine alihesabu vilivyotoka kabla injini haijafungwa. Alikuwa akisema jicho lililoweka kitambaa linaona kilichomo moyoni, halioni kilichomo kwenye tundu. Tangu nilipojua kuhesabu, mtu huyo mwingine alikuwa mimi. Ndiyo maana ukaniita Karani. Baba akiuliza kama vimetimia, mimi navipanga benchini, nahesabu kwa kidole, najibu vimetimia, ndipo anafunga. Nilikuwa najiona mkubwa kuliko wote pale uwanjani.

Unakumbuka pia pampu ya maji. Baba alikuwa ametia mpya, na kesho yake akakupa Bi Mkubwa upeleke mbao kwa yule mwenye nyumba ya ghorofa. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi kumi na miwili. Ulirudi ukivutwa. Ulisema ulijaza maji mwenyewe na mshale ulisimama katikati hadi injini ilipokata. Baba akafungua rejeta mbele yetu sote, maji yalikuwa yamejaa na ni vuguvugu tu. Badala ya hilo kukutetea likamzidishia hasira, akasema umejaza barabarani baada ya kuunguza na sasa unamdanganya. Mwenye mbao alikuwa amesimama pale anapiga kelele, na wateja wengine wawili, na Fundi Kimya. Mbele ya watu wote wale baba akasema hutashika tena spana katika uwanja wake, kwa sababu mtu asiyeweza kutazama mshale hawezi kutazama roho za watu. Mama alimshika baba mkono, baba akautoa. Siku ya tano ulipanda lori na mfuko mmoja. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nikakuona unanitafuta kwa macho, sikutoka.

Miaka kumi na tisa sasa. Umekuja mara moja, tulipomzika mama, siku mbili. Ulisimama karibu na Bi Mkubwa mikono mfukoni, hukuigusa hata boneti. Wewe na baba mkasalimiana kama watu waliokutana benki.

Basi, turudi kwenye injini. Niliagiza ishushwe, na nikamwambia Fundi Kimya kwamba wanunua vyuma watakuja Alhamisi kuichukua nzimanzima, isifunguliwe. Alinitazama, lakini unajua hasemi. Jumatano nilikodi mkokoteni nikapeleka fremu za madirisha kwa mteja mmoja aliyechoka kunisubiri. Niliporudi nikakuta injini imelala juu ya gunia uwanjani, hedi imevuliwa, pistoni zimepangwa kwa mfuatano wake. Baba ndiye aliyeamuru. Alimwambia fundi kwamba Bi Mkubwa hatatolewa nje ya uwanja huu bila kujulikana kilichomuua.

Niliweka mkokoteni chini nikasema kwa sauti ya juu kwamba nilikataza. Fundi Kimya alikuwa amepiga goti, amekunja waya ncha kama ndoana, anauchomeka kwenye njia za maji za bloku, kule nyuma kwenye silinda ya nne, akitoa matope mekundu ya kutu. Nilijua anachovuta kabla hakijatoka. Nikakaa juu ya ukingo wa mkokoteni. Akavuta tena, pakatoka donge jeusi la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akalitia kwenye sufuria ya petroli, akalisuguasugua kwa brashi, akalikunjua. Ilikuwa nusu ya kitambaa, na mistari ya bluu bado ilionekana.

Kaka, hapa ndipo ninapoogopa, na nimetoka kunywa maji mara mbili ili nisifike.

Siku baba alipotia pampu ile ya maji, mimi sikuhesabu. Jirani yangu wa darasani alikuwa ameniita kwenye ua twende tukaruke kamba, na baba alipouliza kama vimetimia, nilitazama rundo juu ya benchi nikiwa nimeshageuza mguu mmoja kuelekea uani, nikajibu vimetimia. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta sababu kubwa zaidi kwa miaka yote hii, yenye uzito wa kulingana na yaliyotokea, na haipo. Jioni nilirudi kuvifua nikavikuta sita. Nikasema labda kimoja kimeanguka chini ya benchi. Nikatafuta chini ya benchi, nikatafuta hata kwenye banda la kuku. Nililala nikijua. Asubuhi ulipopanda Bi Mkubwa na kunipungia mkono, nilikuwa najua, na niliogopa kiboko kuliko nilivyoogopa kitu kingine chochote duniani. Nilijiambia huenda haitakuwa kitu.

Fundi Kimya amenieleza ilivyokuwa. Kitambaa kilibaki kwenye mdomo wa pampu, ilipoanza kusukuma maji kikaingia ndani ya bloku kikaziba njia. Maji yakasimama. Injini ikaungua ndani huku rejeta ikiwa vuguvugu, na maji ya moto hayakufika pale mshale unapopimia. Mshale ulisimama katikati, kaka, kama ulivyosema. Uliutazama na ulisema kweli. Nakuomba uisome sentensi hii mara nyingi kama nilivyosoma barua yako: uliutazama mshale, na ulisema kweli.

Sasa unajua kwa nini nilitaka injini nyingine. Wateja walikuwa sababu, na mafuta yalikuwa sababu, lakini nilichotaka hasa ni lile donge likayeyushwe na bloku yake mahali nisipopajua. Ulipoandika kwamba isukwe upya, ulikuwa unaniomba nifungue pale nilipofunga. Na ulipoandika kwamba umeshakubali kosa, nilipaswa kukimbilia simu, lakini mimi nikakimbilia kwa wanunua vyuma. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza alilifanya mtoto.

Nilianza kumwambia baba. Nilikuwa bado nimekaa kwenye mkokoteni, nikasema kwamba siku ile mimi ndiye niliyehesabu. Baba akanyoosha mkono, Fundi Kimya akampa kile kitambaa kibichi. Akakipapasa kwa kidole gumba muda mrefu. Kisha akaniagiza nikamletee kopo la beringi za zamani, lile la maziwa ya unga lililo rafu ya juu, ambalo sisi sote tulikatazwa kuligusa tangu utotoni. Nikaleta. Chini ya beringi kulikuwa na kipande kingine cha kitambaa, kikavu, safi, kimekunjwa mara nne kama leso. Akaviweka vyote viwili juu ya goti lake na mistari ikakutana.

Alikuwa anajua. Alikipata alipoivua hedi ili akainyooshe, siku ya kumi na moja tangu uondoke. Kilikuwa kimekatika, akadhani ametoa chote. Akahesabu vilivyobaki benchini, akakuta sita, akaelewa. Ndipo nikakumbuka mambo niliyopaswa kuyaelewa zamani. Wiki ile yote nilingoja aniulize kilipo cha saba, hakuniuliza. Mama alipotaka kukata kingine, alikataa, akasema sita vinatosha. Na tangu siku ile hakuwahi tena kuniita nihesabu. Mimi nilidhani amesahau, nikamshukuru Mungu kwa usahaulifu wa baba yangu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baadaye akasema kwamba mmoja alikuwa ameshaondoka, akaogopa kwamba huyu wa pili akijua alichokifanya naye atamkimbia, kama si kwa miguu basi kwa moyo. Fundi Kimya aliinuka akaenda kunawa mikono ambayo alikuwa ameshainawa. Alipokuwa mbali, baba akasema la mwisho, na hilo nakuandikia kama alivyolisema, kwamba maneno aliyokuambia aliyasema mbele ya watu, na kila mwaka alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia kuyarudisha, na kila mwaka palikuwa mbali zaidi.

Nilikasirika. Nakiri. Nilitaka kumlaumu kwa kosa langu mwenyewe, nikapaza sauti kwamba ungeweza kurudi ukiwa na miaka kumi na tisa, ungerudi mama akiwa hai. Aliitikia kila nilichosema, ndiyo, ndiyo. Tumekula meza moja miaka yote hii, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo mwenzake analijua, na wewe peke yako, usiyejua chochote, ndiye uliyelibeba.

Hayo yalitokea wiki mbili zilizopita. Wanunua vyuma walikuja Alhamisi, nikawarudisha. Bloku imepelekwa kupimwa, wanasema inachongeka, silinda ya nne itahitaji kutiwa ukuta mpya. Yaani inasukika. Injini ya mtumba nayo ipo, muuzaji hana haraka. Sitachagua. Nimewahi kukuchagulia maisha mara moja, inatosha. Ukisema isukwe, itasukwa. Ukisema ibadilishwe, au tuliuze gari zima kwa hao wanaosimama barabarani kulitamani, nitafanya hivyo bila neno. Ila gharama usitume. Hukuharibu kitu hapa, na huna cha kulipia. Ukinyamaza, nitaelewa pia, na sitamtuma mtu akuulize.

Mimi sikuombi msamaha ndani ya barua hii, kwa sababu nadhani ombi hilo lilipaswa kufanywa na mtu aliyesimama, na mimi nakuandikia nimekaa. Nakuambia tu kwamba nina haya, na kwamba kila mara uliponitaja kwa jina la Karani nilitamani ardhi inimeze.

Wifi mwambie namkumbuka, na kwamba unga wa lishe alioniulizia nimeuona, nitautuma akinijulisha kiasi. Wabusu watoto. Yule mkubwa mwambie babu yake anataka kujua kama anaweza kutofautisha spana namba kumi na namba kumi na mbili kwa kushika tu gizani. Fundi Kimya anakusalimu, yaani nilipomwambia nakuandikia alitikisa kichwa, kisha akarudi akasema maneno mawili, mwambie namsubiri. Hayo ni mengi kwake.

Baba nilimuuliza kama ana la kukuambia. Alisema hana. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema niandike kwamba hedi haijafungwa, na kwamba yeye bado anaweza kuziba matundu, mikono inatetemeka lakini kuziba anaweza, ila anahitaji mtu mwingine wa kuhesabu. Nikamwambia nipo. Akasema anajua nipo.

Sasa unaweza kufungua mfuko. Vipande vyote viwili vimo, cha baba na cha kwenye bloku. Nimevifua mara tatu lakini harufu ya petroli haijatoka, mwambie wifi anisamehe kwa hilo. Mistari utaitambua. Hapa benchini vimelala sita, leo nimevihesabu kwa kidole. Cha saba umekishika wewe.

Ni mimi mdogo wako,

Karani